Bati la Tano

Bibi yangu Pudentienne alizaliwa Bwegera, kwenye mashamba ya mupunga. Hakusoma. Hata minye sikusoma. Nilimuoa, tukakuja Kimanga, nikawa natengeneza kokisineli, yale magari madogo ya zamani yenye moteri nyuma. Moteri ile haina maji. Inapozwa na upepo, na upepo unaongozwa na mabati meusi yanayoifunika.

Weusi wa mabati yale uko wa kipekee. Hauangazi sana, tena haukupauka. Minye nilikuwa wa kufungua na kufunga. Kuchanganya rangi ilikuwa kazi yake.

Alikuwa anatafuta kwanza mahali rangi ya fabriki, ile gari lilitoka nayo kiwandani, ilibakia, chini ya mukanda wa chuma unaoshika dinamo. Halafu anachanganya, anatia kidogo kwenye ukucha wa kidole gumba, anaenda sokoni kuuza ndagala, samaki wadogo. Akirudi, ukucha umekauka. Anauweka kando ya rangi ya zamani.

"Baba Délice, angalia."

"Iko sawa."

"Weye kila kitu kwako iko sawa. Hata wali ukiungua."

Anakwangua, anaanza upya.

Mwezi wa tatu Frédéric alileta kokisineli ya marehemu baba yake. Alitaka mabati yawe vile yalitoka fabriki. Yako matano. Pudentienne alipaka mane. Juma lile homa ikamushika, siku tatu tu. Wamama waliomuosha walitaka kutoa weusi kwenye ukucha na esanse ya gari. Nikasema muache. Akazikwa nao.

Nilipotoka matanga nilichukua bati la tano, lile kubwa, nikalisugua na papye ya vere, karatasi ya kukwangua rangi. Nililisugua lote. Nilipoona chuma cheupe pale mukanda unapokaa, nikajua nimefanya nini. Kipande cha rangi ya fabriki kilikuwa pale. Hakikuwa mahali pengine.

Yalibakia yale mane aliyopaka, ndiyo ya kufuata. Nikapaka. Bati likaangaza kama viatu vya bwana arusi. Nikasugua. Nilijua alikuwa anatia masizi ya taa ya petroli, lakini kiasi gani, sikumuuliza. Miaka makumi mane na moja, sikumuuliza. Nikatia kijiko kizima, ikatoka kama majivu. Nikatia nusu, ikatoka mabaka mabaka. Nikapaka kwenye ukucha wangu, nikakaa mulangoni nikingoja ikauke. Sikuwa na soko la kwenda.

Kizito, fundi wa baiskeli, jirani yangu, akakuja kuangalia.

"Muzee, weye unapaka bati ao unalilia?"

"Vyote."

Akaangalia yale mane. "Sugua yote matano, upake rangi moja. Nani atajua?"

Alisema kweli. Ni kazi ya siku moja. Nikachukua papye, nikashika bati la kwanza la Pudentienne. Pembeni iko alama ya kidole chake, alipolishika rangi ikiwa bado mbichi. Nikaliweka chini.

Jumamosi, siku ya posho, Frédéric alifika. La tano nilikuwa nimelipaka mara ya sita, na bado linaangaza. Nilikuwa nimeyafunga yote kwenye moteri, kwa sababu siku tuliyopatana ilikuwa imefika. Akainama, akapitisha mukono.

"Hili moja ndilo zuri, muzee. Haya mane yamepauka. Uyarudie, yafanane na hili."

"Hapana. Yale mane ndiyo sawa na ya fabriki. Hili ndilo baya."

"Basi hili utalifanya je?"

"Sijui."

Ilikuwa kweli. Sikujua, na hakuna wa kuuliza. Nikafungua mabulo yanayolishika, nikalitoa, nikakaa chini na papye. Frédéric alisimama pale, funguo mukononi, akiniangalia ninavyosugua rangi yangu mpaka chuma kikaonekana tena.