Kuku wa Kuwapokelea Wakwe

Baba yangu alikuwa na mbuzi wazuri na mkono wa birika, na kwa ajili ya vitu hivyo viwili nilikaribia kukosa mume.

Ilikuwa miaka ya sabini. Tulikaa nje kidogo ya mji wa Nyeri, mahali ambapo mwezi wa Julai ukungu huamka kabla ya watu. Baba alikuwa karani katika kiwanda cha kahawa, na kama kila mtu aliyejua kusoma siku zile, alikuwa ameambukizwa maendeleo. Ugonjwa wenyewe ulimpata kupitia redio. Jioni moja alisikia habari za kuku wa nyama, ambao hutoka kwenye yai na kuingia kwenye sufuria kwa muda wa miezi miwili tu. Bahati yangu mbaya ni kwamba alizisikia wiki ileile ambayo kijana niliyempenda, fundi wa matrekta katika mashamba ya ngano kule Timau, alituma habari kwamba wazee wake wangekuja kutoka Murang'a kuzungumza mahari.

Kwetu wakwe wakija kwa shughuli hiyo, mbuzi huchinjwa. Jambo hili halina mjadala. Kwa wazee wa rika lile, kuku alikuwa chakula cha wanawake, watoto na wachungaji wa kanisa.

"Mbuzi ni mambo ya zamani," baba alitutangazia. "Mbuzi inakula miaka miwili ndio ikue. Hii kuku inakula miezi miwili tu. Mimi nitapea wakwe kitu ya kisasa."

"Utapea wazee wa Murang'a kuku?" mama aliuliza. "Ati kuku?"

"Kuku ya maendeleo."

Mama akarudi jikoni. Kumshauri baba kuhusu matumizi ya mbuzi wake ilikuwa ni kumpigia mbuzi gitaa, na mama alikuwa amelipiga gitaa hilo tangu siku aliyoolewa.

Vifaranga walifika kwa basi kutoka Nairobi, ndani ya boksi lenye matundu. Baba alikwenda stendi kuwapokea akiwa amevaa suti. Siku ya kipaimara changu alikuja na koti la mvua, lakini vifaranga waliona suti. Akawaleta nyumbani na kuamua kwamba watakaa chumbani mwangu, kwa kuwa ndicho chumba pekee kilichokuwa na dari. Akawazungushia ukuta wa mabati, akamwaga chini maranda aliyoomba kwa seremala, akaweka jiko la makaa katikati na kulifunika kwa debe lililotobolewa. Blanketi langu likapigiliwa misumari dirishani ili baridi isiingie. Mimi nikahamia jikoni. Kwa hiyo bibi harusi alilala kwenye moshi ili kitoweo cha wageni kilale chumbani.

Baba aliwaamkia kwa Kiingereza. Alisema ni kuku wa kizungu na Kikuyu kingewachanganya. Hata hivyo baridi ya Nyeri haikujali lugha. Jiko likizimika, vifaranga walipandana wakitafuta joto, na wale wa chini walikosa pumzi. Asubuhi baba aliwatoa waliokufa mmoja mmoja huku akitutazama kwa jicho baya. Alisema wanakufa kwa sababu tunawacheka. Ni kweli tuliwacheka, ila sidhani kama ndicho kilichowaua.

Waliobaki wakaota manyoya meupe na kuhamishiwa kibanda cha uani, nami nikarudishiwa chumba pamoja na harufu yake. Sijapata kuona viumbe wavivu kama wale. Kuku wa mama walipekua, walipigana, waliiba mahindi, na mvua ikinyesha walikimbilia chini ya ghala. Wale weupe walikula, wakanywa, wakaketi. Mvua iliwakuta wameketi na kuwaacha wameketi. Wanawake wa jirani walikuja kuwatazama kana kwamba tumefuga twiga, na mmoja akauliza, "Hawa wako na miguu, ama wamepandwa?" Baba akamjibu kwamba kuku wa kisasa hana haja ya kutembea, kwa sababu haendi mahali.

Kisha kukatokea msiba Murang'a, na wazee wakaahirisha safari hadi mwezi uliofuata. Kuku wa mama wangeweza kungoja hata mwaka. Kuku wa nyama hangoji. Siku yake ikifika na kisu kisipokuja, anaendelea kunenepa mpaka anajishinda mwenyewe. Mama alisema wachinjwe wauzwe sokoni Chaka.

"Wacha waongeze kilo," baba alisema.

Wakaongeza. Miguu iliwashinda, wakawa wanajiburuta kwa vifua hadi kwenye chakula, na wengine walikufa palepale na chakula mdomoni. Nilianza kuogopa. Mzee aliyetarajiwa kuwasemea wakwe alikuwa baba mkubwa wa yule kijana, na sifa zake zilikuwa zimemtangulia: aliwahi kuondoka kwenye posa ya watu kwa sababu uji wa wageni, ambao kwetu huchachushwa, haukuwa umechacha vizuri. Msichana wa posa ile bado alikuwa kwao. Nilimfikiria kila nilipowatazama wale ndege wamelala kifudifudi.

Siku yenyewe shangazi yangu alikuja kupika. Si yeye wala mama aliyewahi kupika kuku wa namna ile. Walimjua kuku wa kienyeji, ambaye huwekwa motoni asubuhi na mchana bado anabishana na kuni. Basi wakawatia wale weupe kwenye sufuria kubwa asubuhi, wakachochea moto, wakaenda zao kumenya viazi.

Wageni walipokwisha kuketi, shangazi alifunua sufuria. Akachungulia. Akakoroga kwa mwiko.

"Kuku zimeenda wapi?" akauliza.

Hapakuwa na kuku. Palikuwa na uji mzito mweupe uliofunikwa na mafuta, na chini kabisa mifupa.

"Weka chumvi," mama alisema.

Wazee wakapakuliwa kwa upawa. Na walipokuwa wakila, mbuzi wakawa wanalia nyuma ya nyumba. Baba alikuwa amekataza wasipelekwe malishoni siku hiyo, kwa sababu alitaka wakwe waone kwamba yeye si maskini. Alitaka waonekane. Kuliwa lilikuwa jambo lingine.

Baba mkubwa wa yule kijana akavua mfupa mmoja kutoka kwenye sahani, akautazama, akauweka kando.

"Mzee mwenzangu, hii ni supu ya nini?"

"Ni kuku. Kuku ya kisasa."

"Na hizo tunasikia zikilia huko nyuma?"

"Hizo ni mbuzi."

"Ziko wagonjwa?"

"Hapana," baba alisema kwa fahari. "Ziko sawa kabisa."

Mzee akaweka sahani chini, akafuta mikono, akachukua fimbo na kusimama. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango na sinia ya chai. Nasema wazi, dakika ile nilimchukia baba yangu.

"Sisi tulikuja na mawazo ya mbuzi, kama wazee wetu," mzee alisema polepole. "Lakini naona kwa hii boma mbuzi ni ya kuangalia, na kuku ndio ya kupea watu wa maana. Hatutaki kuharibu desturi yako. Mahari ya huyu msichana tutalipa na kuku."

Wenzake wakainamisha vichwa. Mtu yeyote aliyezaliwa upande wetu angejua kwamba hapo mlango ulikuwa umeachwa wazi. Baba alihitaji tu kuinuka, kuomba radhi na kuitisha kisu. Mbuzi mmoja angekufa, mzee angecheka, na aibu ingeishia hapo. Nilimkazia macho kupitia ufa wa mlango. Inuka, baba. Mbuzi mmoja tu.

Baba akatazama upande wa mbuzi wake. Akamtazama mzee. Kisha akasogeza kiti mbele.

"Ngapi?" akauliza.

Halafu yule mzee wa kuogopwa akaanza kucheka, akacheka mpaka fimbo ikamponyoka, akaketi tena na kuomba chai, akisema kwamba mtu kama huyu heri kuwa mkwe wake kuliko kuwa jirani yake. Nikajua nimepata mume. Nikaweka sinia mezani na kurudi jikoni nikilia, kwa furaha, na pia kwa sababu nilikuwa nimemsikia baba yangu mzazi akipatana bei yangu kwa kuku.

Mama alinifuta uso kwa upindo wa leso yake.

"Enda na hao watu, mwanangu," aliniambia. "Enda haraka, kabla hajashuka mpaka mayai."