Lenzi Ambayo Haikuibwa

Jumanne asubuhi nilikuwa dukani nikinunua mkate simu yangu ilipolia. Mdogo wake fundi aliniambia, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia, "Fundi ametuacha. Ni kile kifua." Kifua kilikuwa kimemsumbua tangu nimfahamu, na miaka ya kuvuta vumbi la mbao kuukuu na harufu ya spiriti haikumsaidia. Wasomaji wangu mmenizoea nikiwaaga wafu kwa upole. Leo sitakuwa mpole. Mwanamke huyu alikuwa na haki ya kuandikwa na mimi akiwa hai, na sikumwandika. Leo namwandika kwa hasira, na sehemu ya hasira hiyo ni yangu mwenyewe.

Alikuwa fundi wa kamera za kale, zile kubwa za studio zenye mwili wa mbao, mfuko wa ngozi wenye mikunjo kama kodiani, na lenzi ya shaba ya njano iliyo nzito kama jiwe la kusagia pilipili. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja orofa ya tatu, nyuma ya Barabara ya Luthuli, juu ya maduka ya spika na redio. Nilipanda ngazi zile mara ya kwanza mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nikitafuta habari za studio zilizokuwa zikifungwa mjini moja baada ya nyingine. Wenye studio walikuwa wakitupa kamera zao kuukuu, na matajiri wa Loresho na Lavington walikuwa wakiziokota kuzifanya mapambo ya sebuleni. Katikati ya hao wanaotupa na hao wanaookota, alikaa yeye na dirisha lake moja na taulo jeupe mezani.

Nilimwona akifungua lenzi ambayo haikuwa imefunguliwa tangu ukoloni. Hakuilazimisha. Alidondosha tone la mafuta kwenye uzi wa skrubu, akaifunika kwa kitambaa, akaniambia nirudi baada ya wiki mbili. Niliporudi iligeuka mkononi mwake kama kifuniko cha chupa. Vioo alivisafisha kwa pamba na maji yaliyochemshwa yakapoa, akianzia katikati akizunguka kwenda nje, bila kukandamiza, mpaka ukungu uliokuwa umetambaa ndani kama mizizi ukaondoka. Shaba yenyewe alikataa kuing'arisha. Siku moja mama mmoja wa Loresho alisimama mlangoni akilalamika kwamba lenzi yake bado ni ya rangi ya kahawia, na yeye alitaka ing'ae ilingane na vitasa vya milango yake.

"Hiyo rangi ni umri wake, madam," fundi akamwambia. "Nikiitoa haitarudi."

"Lakini hii kitu si ni yangu?"

"Ni yako. Lakini kama unataka kitu cha kung'aa, sufuria ziko hapo chini."

Yule mama alienda na lenzi yake, na baada ya mwezi akairudisha ikiwa imesuguliwa na mtu mwingine, yenye mikwaruzo kila mahali, akaomba isaidiwe. Fundi aliipokea. Ila alimwacha asimame muda mrefu kabla ya kumwambia akae. Nilicheka siku ile. Sikujua bado kwamba kumwacha mtu asimame ndilo jambo dogo kabisa alilokuwa na uwezo nalo.

Kazi ile alifundishwa na baba yake. Mzee huyo alitoka Vihiga akiwa kijana, akaajiriwa katika studio moja karibu na soko la mji, na kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa akiishika kamera yao kubwa. Maarusi walimwulizia yeye, si mwenye studio. Kisha Jumatatu moja, fundi akiwa msichana wa miaka kumi na mmoja, lenzi ya ile kamera haikuonekana. Mwenye studio alisema ufunguo wa kabati ulikuwa na mtu mmoja tu. Baba alilala korokoroni siku tatu, akaachiliwa kwa kukosa ushahidi, na kuachiliwa huko hakukumfaa chochote. Alipita studio zote za mji na kila mlango ulikuwa umekwisha kusikia. Kanisani hakuruhusiwa tena kupitisha kikapu cha sadaka. Alimaliza maisha yake akitengeneza miavuli na stovu kando ya Barabara ya Ngong, umbali mfupi kutoka nyumba yao ya Woodley, na wasichana shuleni walimwita bintiye "Lenzi". Jioni, kwa vipande alivyookota, baba huyo alimfundisha mwanawe kazi ambayo yeye mwenyewe hakuruhusiwa tena kuifanya.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu mwenye studio ilikuwa ndefu kuliko miaka thelathini, na ilipita mahali pazuri: viwanja, nyumba za kupangisha, jumba la Kitisuru, kiti cha mbele kanisani. Kisha watoto wake wakaanza kuandaa sherehe ya miaka hamsini ya ndoa ya wazazi wao. Waliikuta kamera ya zamani stoo, na pembeni yake lenzi iliyoviringishwa kwenye soksi ya sufu, wakafikiri ingependeza kama ingetengenezwa ili itumike siku hiyo. Waliuliza mjini nani anajua kazi hiyo. Wakaelekezwa orofa ya tatu, nyuma ya Luthuli.

Fundi alinipigia simu mchana walipoileta. "Njoo," akasema, akakata. Nilimkuta amekaa mikono mapajani. Kamera aliitambua kwa mguu wake mmoja, ambao baba yake aliutengeneza upya kwa mvule. Lenzi aliifungua kwa sababu ndiyo kazi yake kufungua, na ndani ya mwili wa shaba, mahali ambapo mteja hafiki, akakuta herufi mbili zilizokwaruzwa kwa sindano. Zilikuwa za jina la baba yake. Mzee aliziweka kwenye kila lenzi aliyoisafisha.

"Ilikuwa kwa mwenye studio," akasema. "Siku zote hizo ilikuwa kwake."

Nilimwuliza atafanya nini. Kusema kweli nilitazama nyundo iliyokuwa ukutani.

"Nitaisafisha," akasema. "Nikiivunja watasema baba mwizi, binti mharibifu. Nitaisafisha mpaka imwone vizuri."

Aliisafisha kwa wiki sita, na sijawahi kuona chuki iliyofanya kazi kwa utulivu kama ule. Alishona mfuko wa ngozi upya, akapaka mbao nta. Kisha akawaambia wale watoto kwamba kamera ile haishikwi na kila mtu, kwa hiyo atakuja mwenyewe kuwapiga picha. Walifurahi sana. Mimi aliniambia nije na daftari.

Kitisuru siku hiyo palikuwa na mahema meupe kwenye nyasi na watu wengi waliovaa vizuri. Mzee alikaa katikati, suti ya kijivu na bakora, mkewe kando yake, watoto na wajukuu nyuma. Fundi aliisimamisha kamera, akaingia chini ya kitambaa cheusi, akakaa humo muda mrefu. Katika kamera hizo mtu huonekana kichwa chini miguu juu. Baadaye aliniambia hajawahi kuona picha iliyompendeza kama ile. Alipotoka hakupiga. Alichomoa lenzi, akaifungua sehemu ya mbele, akamfuata mtoto wa kwanza, ambaye ni wakili.

"Soma hapo ndani."

Wakili akaielekeza kwenye mwanga. "Kuna herufi mbili. Ni za nani?"

"Za baba yangu. Alikuwa akifanya kazi kwa baba yako. Baba yako aliambia polisi hii lenzi imeibwa, wakamfungia siku tatu. Akafa akiitwa mwizi."

Wakili alimgeukia mzee. Mzee akasema hayo ni mambo ya zamani, yeye hakumbuki. Ndipo mkewe akasema bila kumtazama mtu yeyote, "Nilikuambia uirudishe."

Mzee alipiga bakora chini. "Alikuwa anataka kufungua studio yake. Angechukua wateja wote. Mngekula nini nyinyi?"

Nadhani alijisikia mwenyewe, kwa maana sauti yake ilibadilika, akamgeukia fundi. "Mama, hiyo imepita. Leo ni siku ya furaha. Tusameheane."

"Hatuwezi kusameheana," fundi akasema. "Mimi sijakukosea."

Aliifunga lenzi, akaiviringisha kwenye taulo lake, akaiweka kwenye mkoba. Mmoja wa wana akamwambia hiyo ni mali ya familia. Alimjibu kwa adabu kabisa. "Kamera ni yenu, hiyo hapo. Lenzi baba yenu aliambia polisi imeibwa. Basi haiko kwenu." Tukatembea mpaka getini. Nyuma yetu kamera ilibaki imesimama kwenye nyasi na tundu mbele yake. Picha ya miaka hamsini haikupigwa. Nilifurahi, na hata leo nikikumbuka nafurahi.

Sasa nifike kwangu. Kabla sijakaa kuandika, mkubwa wangu gazetini aliniita, akasema amepigiwa simu na watu anaowaheshimu, na kwamba jambo hilo ni la kifamilia. Wiki ile niliandika kuhusu mashimo ya barabarani. Nilipopanda ngazi za Luthuli, fundi aliniuliza, "Umeandika?" Nikasema bado. Hakuuliza tena kamwe, lakini tangu siku hiyo sikuwahi kukaribishwa chai.

Jumamosi iliyopita tulimwombea Woodley kabla ya kusafirishwa Vihiga. Mhubiri, kijana ambaye sidhani alimfahamu, alisema dada yetu alikuwa mchapakazi ila alisumbuliwa na roho ya kutosamehe. Karibu na mlango lilisimama shada kubwa la maua kutoka Kitisuru, lenye utepe wa zambarau. Mdogo wake alilibeba mwenyewe mpaka kwenye gari lililolileta, akamwambia dereva, "Rudisha. Mwambie mzee halikupokelewa." Nilikuwa bado namtazama nilipomsikia bwana mmoja wa makamo nyuma yangu akimweleza mwenzake marehemu ni nani. "Ni binti ya yule mzee aliyeiba lenzi," akasema. Hakuwa na ubaya. Alikuwa akisema tu anachokijua, na anakijua hivyo kwa sababu mimi niliandika kuhusu mashimo.

Tumezoea katika mji huu kumharakisha aliyeumizwa. Tunamletea mistari ya Biblia na maua, tunamwambia asamehe ili sisi tule kwa amani, na aliyeumiza tunamwekea kiti cha mbele. Sitamtaja mzee huyo. Anajijua, watoto wake wanamjua, na gazeti hili linafika Kitisuru kabla ya chai ya asubuhi. Nina neno moja kwake. Ulimwita mtu mwizi mbele ya polisi, mbele ya mji na mbele ya kanisa, kwa sauti iliyosikika. Uongo uliosemwa hadharani hauondolewi kwa maua yaliyotumwa na dereva. Huondolewa kwa mdomo uleule, ukiwa wazi, mbele ya watu walewale au waliobaki miongoni mwao. Ungali hai na Jumapili bado zipo. Simama useme. Na ukikataa, ujue kwamba watu wa Woodley wameanza kusoma haya.