Gari la Beringi na Pikapu ya Mawese

Mtu niliyemwonea wivu kuliko wote maishani mwangu alikuwa hana hata ndala.

Alikuja na mama yake kwa boti kutoka ng'ambo ya ziwa, miaka ile ya wakimbizi, wakati Ujiji kila nyumba ilikuwa na mgeni mmoja au kumi. Mama yake na mama yangu ni ndugu, baba mmoja mama mmoja. Mmoja aliolewa huku, mwingine kule, ziwa likakaa katikati. Kwa hiyo wenzao walipopelekwa kambini, mama alisimama mlangoni akasema wake hawaendi popote, watakula tunachokula. Mama mdogo akalala chumba cha mama, na mwanawe akapewa nusu ya mkeka wangu.

Nusu ya mkeka haikuniuma. Mimi moyo wangu ni mwepesi, hata kuku akichinjwa naangalia pembeni. Siku ya kwanza nilimpa shati langu na nikamwonyesha mahali pa kuoga pasipo na mawe makali. Kilichoniuma kilikuja taratibu. Mama alianza kumwita "baba'ngu". Baba'ngu umekula? Baba'ngu pumzika. Mimi niliyetoka tumboni mwake nikabaki "wewe". Wewe, sogea mwenzio apite. Wewe, ndoo ya maji iko wapi?

Tulipishana miezi michache tu, lakini aliniita yaya, kama wanavyomwita mkubwa kule kwao, na kila alichogusa kilimtii. Redio yetu ilikuwa bubu muda mrefu. Aliifungua kwa kisu cha jikoni, akaipuliza, ikaanza kusoma taarifa ya habari. Akasonga ugali siku mama anaumwa, ugali ukatoka laini. Mama alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanga. Mimi ningesonga ugali, angeniuliza nina homa.

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kuendelea, nikaingia kwa fundi baiskeli karibu na soko. Kazi yangu ilikuwa kuziba pancha. Ndoto yangu ilikuwa kuendesha magari ya mashindano. Usukani wenyewe nilikuwa sijawahi kuushika, lakini ukutani nilibandika picha ya gazeti ya gari limeinama kwenye kona, vumbi nyuma yake kama mkia wa jogoo. Usiku nilipiga hiyo kona mara nyingi kabla ya usingizi.

Magari tuliyokuwa nayo sisi yalikuwa ya mbao. Hayana injini. Unachukua mbao, unazipigilia, chini unafunga beringi nne kuukuu za lori ndiyo magurudumu, kamba mbili ndiyo usukani, na kipande cha tairi unachokikanyaga kikakwaruza lami ndiyo breki. Kila mwaka wakati wa kipupwe, Jumapili moja asubuhi, vijana wa Ujiji, Gungu na Kigoma mjini walikutana juu Mwanga na kuteremka na magari yao kuelekea stesheni. Mmoja anakaa, mwenzake anamsukuma mpaka kwenye mstari wa chaki, hapo anaachia.

Beringi nilizitafuta mimi. Nilizunguka gereji zote, nikiomba, nikitumwa chai, mpaka nikapata nne za saizi moja. Bodi akalitengeneza yeye, kwa mbao za boti lililovunjika, mbele jembamba kama mdomo wa samaki. Akalipaka rangi ya bluu iliyobaki kwenye kopo la mtu. Likawa zuri, sisemi uongo. Watu walipita uani kuliangalia. Na wakipita walisema, "Tumekuja kuona gari la mkimbizi."

Gari la mkimbizi! Na beringi je? Ziliota kama uyoga?

Kila mmoja wetu alitaka kuliendesha. Mimi nilisema kwa mdomo, yeye alisema kwa macho, maana alikuwa na adabu. Tukaenda kwa fundi wangu, mzee mkali ambaye alikuwa anazungumza na watu huku akiangalia mnyororo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mmegombana."

"Hatujagombana, ila..."

"Gari moja, madereva wawili. Nimesikia. Sasa sikilizeni. Kutoka hapa mpaka Mwanga mtalipelekaje?"

Kulikokota haiwezekani. Beringi zikisaga mawe njia nzima, zinafika zimekula upande mmoja kama meno ya mzee, na gari linateremka likipiga kelele bila mwendo. Wapo waliobeba magari yao kichwani, wakafika shingo hazigeuki.

"Atakayelitafutia usafiri likafika juu zima," fundi akasema, "huyo ndiye atakayelikalia. Mwingine anasukuma. Haya, ondokeni kwenye mwanga wangu."

Nilitoka pale nimeshashinda. Mgeni atampata nani wa kumbebea gari? Mimi nimezaliwa hapa. Nikafikiria mkokoteni wa jirani. Mrefu wa kutosha, lakini gurudumu lake moja lilikuwa linatembea kama mlevi. Nikafikiria kulifunga kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli. Nikajaribu, tukaanguka wote, baiskeli, gari na mimi. Mwisho nikaenda kwa baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, aliyekuwa na pikapu ya kupeleka mawese soko la Kigoma. Pikapu ilikuwa haina mlango wa nyuma na ilinuka mafuta tangu kwenye kiti, lakini ina injini, ina honi. Nikajiona nafika Mwanga nimesimama nyuma, upepo kifuani, honi inalia.

Nikarudi nyumbani mbio kutangaza. Nikamkuta ndugu yangu ameshafika, ameshika uzi wenye mafundo.

"Yaya, nimepata! Lori ile nyeupe ya msaada. Inaleta unga hapa Ujiji, halafu inarudi Kigoma mutupu. Nimeisaidia kushusha magunia, dereva akakubali. Nimepima na uzi. Gari yetu inaingia, na nafasi inabaki mingi. Atatutandikia magunia chini."

Mama alikuwa anachambua mchele. "Baba'ngu una akili," akasema. "Wewe, umesikia? Lori zima!"

Nilisikia. Nilijua pia, hapo hapo, kwamba lori lile ndilo. Lina kuta pande zote, springi nzito haziruki kwenye mashimo, na ndani ni pakavu. Mtu yeyote anayependa gari lake angechagua lori. Lakini nililipenda gari letu huku namchukia dereva wake, na dereva alikuwa si mimi. Ya pikapu sikuyasema.

Ijumaa jioni nikamfuata uani. Alikuwa anakunja kamba za kufungia.

"Nimekutana na dereva wako," nikasema. "Amesema usimsogelee. Eti wakikuta kwenye lori lake mkimbizi asiyekaa kambini, kazi hana. Na wewe utaulizwa karatasi."

Sikuwa nimekutana na dereva yeyote.

Nilitegemea abishe. Angebisha ningefurahi, tungegombana, ningepata sababu. Yeye alisimama na kamba mkononi.

"Alisema hivyo?"

"Ndivyo."

"Basi tuache. Mama asisikie, yaya. Atashindwa kulala."

Akamaliza kukunja kamba, akanikabidhi mimi. Nikamwambia usiwe na wasiwasi, nina pikapu. Akasema aksanti.

Jumapili tulimkuta baba mdogo anapakia tangu alfajiri. Mawese yalikuwa yametoka kupashwa moto ili yamiminike vizuri, na madumu yalikuwa bado ya uvuguvugu.

"Pandisheni, pandisheni! Hiki ndicho hicho mnachokiita gari? Nilidhani ni jeneza la mtu mfupi."

Niliagiza tuliweke miguu juu, ili beringi zisigonge bati. Nilijiona mtaalamu. Baba mdogo akabakiwa na dumu moja lisilo na nafasi. Akaangalia huku, akaangalia kule, akalipachika juu ya gari letu, katikati ya magurudumu, akalifunga. Mdomo wa dumu ulizibwa kwa mfuko wa nailoni na uzi, kama madumu yote ya huku.

"Yaya," akaninong'oneza, "ile dumu..."

"Huku ndivyo tunavyobeba," nikamkata.

Tukaondoka. Honi ililia mara moja, halafu ikafa. Gungu pana shimo. Baba mdogo analijua shimo lile vizuri kabisa, ila siku hiyo alikuwa anamsalimia mtu. Tuliruka. Mfuko ulipasuka, na mawese yakashuka polepole, mekundu, mazuri, juu ya beringi zangu zote nne. Nilijaribu kuziba kwa mkono. Ubaridi wa kipupwe ulikuwa unapiga kutoka vilimani, chuma kimepoa kama cha kisimani, na kila mtu wa Kigoma anajua mawese yakikutana na baridi yanafanya nini. Tulipofika Mwanga yalikuwa yameganda. Niliposukuma gurudumu kwa kidole, lilisogea kidogo, likafikiri, likasimama.

Vijana wa Kigoma walitukusanyikia.

"Oyaa, hilo mmelileta kukimbia au kukaanga?"

"Wa Ujiji wameleta kitoweo! Leteni na ndizi basi!"

"Dereva ni yupi? Au mpishi?"

Mimi kwa kawaida ningecheka, napenda utani. Siku ile nilitafuta pa kuficha uso. Ndipo lori jeupe likapanda pale, taratibu, tupu, na dereva mwenye kofia ya sufu akatoa kichwa dirishani.

"We kijana!" Alikuwa anamwita ndugu yangu. "Nimewangoja pale mpaka kuku wamenizoea! Nimetandika na magunia. Mlipita wapi?"

Ndugu yangu alimwangalia dereva. Halafu akaniangalia mimi. Sijawahi kuangaliwa hivyo, na hakukuwa na hasira ndani yake, ningeijua hasira. Nilisubiri aseme. Kama angesema mbele ya wale vijana, leo nisingekuwa na uso Kigoma.

"Samahani, mzee," akasema. "Tulipata ingine njiani."

Dereva akatingisha kichwa, akaondoa lori. Ndugu yangu akaenda kwa mama mmoja aliyekuwa anachoma vitumbua kando ya barabara, akazungumza naye kidogo, akarudi na kikombe cha mafuta ya taa na kitambaa. Kwa dakika mbili! Mimi nimeishi mkoa huu maisha yangu yote na yule mama nisingemwomba hata kiberiti. Hata pale, na aibu yangu yote, niliona wivu.

Tulikaa chini, yeye upande wake, mimi upande wangu, tukaosha beringi.

"Sikukutana naye," nikasema.

"Nimesikia."

"Ile ya karatasi niliitunga."

Alizungusha gurudumu, akasikiliza, akaongeza mafuta ya taa. "Siku mbili sijapita barabarani, yaya. Nikiona mtu na kofia ya askari, ninageuka. Kwa nini?"

"Ungeliendesha wewe."

"Hiyo tu?"

Haikuwa hiyo tu. Nilitaka kumwambia habari ya mama, ya redio, ya ugali. Nikasugua beringi mpaka kidole kikachubuka.

Walipoanza kupanga magari kwenye mstari, akasimama nyuma, mahali pa msukumaji.

"Kaa," akaniambia. "Limefika kwa usafiri wako. Fundi alisema."

"Fundi alisema lifike zima. Limefika limekaangwa. Kaa wewe."

"Yaya, unasema kwa mdomo ama kwa roho?"

"Kwa mdomo. Roho itafuata. Kaa upesi kabla sijabadilika!"

Akacheka, mara ya kwanza tangu Ijumaa, akakaa, akashika kamba. Nikaweka mikono mgongoni pake, juu ya shati langu la zamani. Filimbi ikalia. Nilisukuma kwa nguvu zangu zote, miguu inateleza kwenye lami. Mstari wa chaki ulikuja haraka mno. Mikono haikutaka kuachia. Hatua moja zaidi na tungetolewa, watu wakaanza kupiga kelele, "Achia! Achia wewe!" Nikaachia.

Alishuka. Mwanzo gari lilisita, gurudumu la nyuma kushoto lilikuwa bado na mawese, halafu likapata joto na ule mdomo wa samaki ukaanza kuwapita watu. Akafika kwenye kona, akaingia, sikumwona tena. Nilianza kuteremka kwa miguu. Nilisikia huko chini wanapiga kelele, "Mkimbizi! Mkimbizi!" Nilimwomba Mungu ashinde. Nilimwomba pia, kwa pumzi hiyo hiyo, aanguke kidogo, asiumie, aanguke tu.

Nilimkuta karibu na stesheni, amesimama kando ya gari, hawasikilizi waliomzunguka, anaangalia juu barabarani kama mtu anayengoja abiria. Aliponiona akainua vidole vitatu.

"Wa tatu, yaya! Tumekuwa wa tatu!"

Nilikuwa nimepanga kusema hongera. Njia nzima nilikuwa nimeifanyia mazoezi. Kilichonitoka ni, "Kwenye kona uliinamia upande gani?"

Akaanza kunionyesha kwa mwili mzima, mabega, magoti, jinsi alivyovuta kamba ya ndani na kulegeza ya nje, na mimi nikainama naye pale pale katikati ya watu, nikicheka. Nilikuwa na furaha, naapa. Lakini kona ile aliiona yeye, na nilikuwa bado namwonea wivu.