Kadi Moja na Lori la Mama Mkwe

Watu husema mkwe na mkazamwana hugombania mwiko. Mimi na mama mkwe wangu tulikuwa tunagombania kompyuta, pale sebuleni kwake Old Kampala. Asubuhi ni yangu: nachora nyumba za watu ambazo bado hazijajengwa, kisha nazirenda, yaani mashine inakokotoa mwanga na vivuli mpaka mchoro ufanane na picha ya kamera. Watu wakishaswali alasiri kule msikitini juu kilimani, mashine ni ya mama mkwe. Yeye huendesha lori.

Ni lori la kwenye gemu, lakini usithubutu kumwambia hivyo. Marehemu mumewe alikuwa dereva wa malori ya Juba, na katika ndoa yao yote hakumpakia hata siku moja. Alikuwa akisema barabara si mahali pa mwanamke. Sasa mjane wake, Mnubi wa watu, anashika usukani mtandio ukiwa begani. Barabara zenyewe ni za Ulaya, theluji tupu, ila kwake zote zinakwenda Juba.

Basi mteja mmoja akanipa kazi kubwa: filamu fupi ya nyumba yake, mtu aione kuanzia getini mpaka jikoni. Kadi yetu ya grafiki, ile inayotengeneza picha ndani ya kompyuta, ilikuwa kuukuu na ikashindwa. Nikaenda dukani mjini. Muuzaji akaniwekea mbili mezani.

"Hii ni ya kazi tu, nyabo. Kumbukumbu yake kubwa, haichoki, ila gemu litakwamakwama. Hii nyingine inafanya yote, lakini kazi yako itakwenda polepole."

Ya kwanza ingenimalizia filamu mapema. Ya pili ingenifikisha kwa mteja nikihema. Nikamwambia nitarudi.

Mama alinisikiliza huku anafuma kitambaa. "Chukua ya kazi, we Mkenya! Mimi mzee, lori la nini?" Akacheka. Lakini alasiri ile hakukigusa kiti chake. Alifuma tu, na kila mara macho yalimkimbilia kwenye skrini iliyozimwa. Roho iliniuma. Kesho yake nikaleta ile ya yote, na mume wangu aliponishangaa nikamwambia kazi zitakuja nyingine, mama ni mmoja.

Mwanzo mambo yalikuwa shwari. Halafu, mteja akiwa wa kuja kesho, mashine ikazima katikati ya kurenda. Nikaiwasha, ikazima tena. Yesu wangu! Nilimlaani muuzaji, nikajilaani na mimi kwa huruma zangu za kijinga. Nikainama kuchomoa waya, mkono ukagusa kasha la mashine: moto kama sufuria ya ugali. Juu yake, mpaka kwenye matundu ya hewa kule nyuma, kilikuwa kimelala kitambaa kipya cheupe chenye maua pembeni.

Nilipaswa kujua! Katika sebule ile hakuna kitu cha thamani kinachokaa uchi. Televisheni ina kitambaa, redio ina kitambaa, hata mtungi wa maji.

"Mama, ni wewe?"

"Si mgeni huyo?" akasema. "Umemleta kwa ajili yangu, nimwache bila nguo?"

Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Nilipomweleza kwamba mashine hupumua kwa yale matundu, alikivuta kitambaa mbio. "Astaghfirullah! Kumbe nilikuwa namnyonga!"

Tuliiacha ipoe, nikaanza upya. Filamu iliisha asubuhi mteja akiwa tayari njiani, na alipoitazama aliomba airudie tangu getini. Nilifurahi sana.

Alasiri mama akarudi kwenye kiti chake. Kando yake alikuwa ameweka stuli, na juu ya stuli ametandika kile kitambaa cha maua. Nilidhani ni pa kuwekea chai, nikaanza kwenda jikoni.

"Unakwenda wapi?" Akaipigapiga stuli kwa kiganja, jicho likiwa barabarani. "Panda twende. Lori hili linapakia wanawake."