Wawili kwa Mifuko Miwili

Wiki jana, kwenye mashini ya kusaga mihogo pale Bihambwe, mama mmoja alimgusa mwenzake begani.

"Dada, sisi wote tunaozea hapa mu mulongo wa kungojea mashini, na soko inabomoka saa sita. Tuungane. Leo mimi nisagishe mifuko yote mbili, weye uende kuuzisha bunga yetu ya jana. Wiki ijayo tubadirishane."

"Njo vile," akajibu mwenzake. Wakapeana mkono kama watu waliofungua kampuni.

Nilifurahi. Nimechoka kuona siku nzima ya mtu ikiliwa na mstari.

Jana nilirudi. Saa sita ilikuwa imeshapita, na wote wawili walikuwa pale, kila mmoja amekalia mfuko wake.

"Na ile kuungana, Mama?"

"Inaendelea," akasema wa kwanza. "Leo zamu ya kusagisha iko ya huyu."

"Sasa weye unafanya nini hapa?"

Akapiga miayo. "Namuchunga, asichanganye bunga yangu na yake."

Nilicheka, lakini si sana. Jirani aliyejitolea kutusagishia mfuko wetu alikuwa mbele yangu kwenye mstari, na mke wangu alikuwa amenituma nimwangalie.