Ingobyi Niliyoifuta

Miaka ile ya vita vya Kongo, milio ya mizinga ilipotufikia kutoka Bukavu, tulifunga madirisha na kuendelea kusoma. Tulikuwa wawili, watahiniwa wa kujitegemea, katika darasa tupu pale Kamembe, ng'ambo ya mpaka, baada ya wanafunzi kwenda kwao. Mimi nilikuwa karani wa ghala, nimekulia Bukavu, jiografia nimejifunza mwenyewe kwa vitabu vya kuazima. Yeye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi asiye na diploma, mzaliwa wa Bweyeye, huko milimani. Mkuu wa shule alikwisha kumwambia kwamba asipoipata mwaka ule, darasa lake litapewa mwingine.

Kilichomsumbua ni swali la uamuzi. Unapewa ramani yenye mahali A, B na C, uchague pa kujenga kituo cha afya na utetee chaguo lako. Nilimfundisha utaratibu wangu: kwanza taja chaguo na ulithibitishe kwa ramani, kisha eleza kwa nini umepaacha pengine, na mwisho kiri kasoro ya ulipochagua na useme itapunguzwa vipi.

Katika zoezi alichagua C, kando ya msitu, penye njia ya miguu tu. Aliandika juu ya ingobyi, machela ya kusuka ambayo kwao kila nyumba ina zamu ya kuibeba mgonjwa anapopelekwa kutibiwa.

"Batu bane banabeba, bane banafwata nyuma," alinieleza. "Banabadilishana kwa kila kijito. Mwezi wa kulima banaume bako mbali, mugonjwa anangoja."

"Hiyo ni hadithi, Mama. Msahihishaji anataka sababu. Angalia B: barabara, watu wengi, malori yanapita."

"Papa, weye unapenda barabara kama shofere. Ulishabebwa siku moja?"

"Hapana."

"Basi."

Alicheka, lakini daftari akanipa. Nilikata aya nzima kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni: chagua B.

Siku ya mtihani swali lilikuja karibu lilelile. Nilianza na B. Niliandika barabara, nikaandika wingi wa watu, kisha nikakwama, kwa kuwa kila mtu ukumbini angeandika hayo. Nikaitazama ile njia ya miguu kwenye ramani. Mistari ya kontua ilibanana, dalili ya mlima mkali, na vijito vinne viliikata njia. Nikafuta B.

Niliandika C. Nilieleza kwamba kila kijito ni mahali pa kubadilishana wabebaji, kwa hiyo mgonjwa mmoja anahitaji watu wanane wenye nguvu, na kwamba msimu wa kulima watu wanane hawapatikani. Nilikiri kwamba dawa zingefika kwa taabu, nikapendekeza zipelekwe kabla ya mvua. Sijawahi kuandika jibu bora kuliko hilo. Madawati mawili mbele yangu, yeye alikuwa ameinama, anaandika B.

Nje aliningojea.

"Nimefwata yako, Papa. Barabara, batu, malori. Na weye?"

"B," nilisema.

Matokeo yalipotoka, mimi nilifaulu. Yeye alipungukiwa alama chache, na darasa likapewa mwalimu mwingine. Nimelipima jambo hili mara nyingi. Swali moja peke yake halimwangushi mtu. Lakini alama alizopungukiwa zilikuwa chache kuliko zile za swali hilo, na hesabu hiyo sikuhitaji kuirudia.

Akaanza kushona nguo sokoni. Baada ya miezi kadhaa alikuja kwangu na daftari lilelile, akitaka kujaribu tena.

"Nimefikiri upya," nilimwambia. "Likija swali kama lile, andika C. Weka ingobyi. Weka vijito."

Aliufungua ukurasa wenye wino mwekundu, akautazama. "Lakini ulisema ni hadithi."

"Nilikosea."

Hilo lilikuwa kweli, nami nikaishia hapo. Nilikuwa na nafasi ya kusema sentensi moja zaidi.

"Si kitu, Papa," akasema. "Mwalimu muzuri anakubali kosa."

Akanishukuru, akavuta kiti, akaanza kuyanakili upya maneno yake mwenyewe, akiniuliza kila baada ya mstari kama yamekaa sawa.