Mama Vipimo na kompyuta inayozimika

Saa tisa alasiri, Jumapili. Cherehani imesukumwa pembeni, na juu ya meza ya kukatia limesimama kasha la kompyuta lililovalishwa nguo. Nguo hasa: kitambaa kizito cha buluu, bitana kwa ndani, vifungo vimepangwa ubavuni. Mwenye meza anaunyoosha upindo, anarudi nyuma hatua moja, anaitazama kwa mashaka.

"Leo ukinizimikia," anaiambia, "mimi na wewe basi."

Mtaani wanamwita Mama Vipimo, kwa kuwa ni fundi cherehani ambaye humpima mteja kwa macho hata kabla hajaketi. Kompyuta hii ya gemu ameiunda mwenyewe humu chumbani, kwa vipuri vilivyokwishatumika, alivyovikusanya kimoja kimoja. Mapato ya msimu mzima wa sare za shule yaliishia humo. Majirani walidhani amechanganyikiwa, naye hana hakika kama walikosea.

"Nilitazama video mpaka kichwa kikazunguka," anasema. "Huyu anasema anza na hiki, yule anasema ukianza na hicho umeharibu. Nikaona isiwe taabu, nitaanza na ninachokielewa. Nikatoa futi yangu, nikapima kila kitu."

Futi ilimwokoa. Kadi ya picha aliyotaka kuuziwa ilikuwa ndefu kuliko kasha, akairudisha pale pale dukani. Mengine yalimtoa jasho. Kuna nyaya zilibaki mkononi asijue ziende wapi. Siku ya kwanza kuiwasha, feni zilizunguka vizuri na skrini ikabaki nyeusi tii, kumbe waya ameuchomeka kwenye tundu lisilo lake. Hata leo ukimuuliza kadi ya picha inafanya kazi gani hasa, anacheka tu na kukuuliza kama umekula.

Yote haya ni kwa ajili ya binti yake.

Binti ni mtoto wake wa pekee na anafanya kazi mbali, katika jiji ambalo mama hajawahi kufika. Waliachana vibaya. Mama alimshonea gauni la kuanzia kazi, tena kwa kitambaa alichokuwa amekitunza. Binti akaliacha kitandani, akasema hataki watu wamcheke ofisini. Tangu hapo limening'inia nyuma ya mlango.

"Kwenye simu tunaanza na shikamoo, tunamaliza kwa kununiana," anasema Mama Vipimo. "Siku moja akaniambia, mama, mimi Jumapili nacheza gemu ya magari, ukinihitaji njoo tucheze. Labda alikuwa anatania. Mimi nikalibeba neno lake kama lilivyo."

Sasa wanacheza. Ndani ya magari yale wanacheka, wanagongana, wanapiga soga kama zamani. Halafu maongezi yakianza kunoga, kompyuta ya mama inazimika yenyewe, na binti anabaki akiongea peke yake.

Wiki iliyopita alituma ujumbe: "Mama, mbona kila nikitaka kuzungumzia lile gauni unakata? Kama hutaki kuongea sema tu. Ukikata tena sirudi."

"Nimwambie nini?" anauliza mama, mikono hewani. "Nimemwita fundi simu wa hapo jirani. Akija naivua nguo kwanza, maana mgonjwa hapimwi amejifunika gubigubi. Inafanya kazi vizuri tu! 'Mama, hii haina ugonjwa,' anasema. Akiondoka naivalisha, isiingiwe na vumbi la nyuzi. Nikikaa kucheza, inakufa. Nimefika mahali nadhani ina kinyongo na mimi."

Mbio zinaanza. Sauti ya binti inatoka kwenye spika ndogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Haya, nipishe njia."

Wanakimbizana, wanataniana. Baada ya muda feni zinaanza kulia. Mama Vipimo anakunja uso, ananusa. Harufu hiyo anaijua vizuri: ni bitana iliyokaribiwa mno na pasi. Anaweka kiganja juu ya nguo ya kompyuta na kukiondoa upesi.

"Mama," anasema binti, safari hii taratibu, "kuhusu lile gauni..."

Mama anakimbilia vifungo. Alivikaza mwenyewe, havifunguki. Anaunyakua mkasi na kupasua kitambaa juu hadi chini, bitana na yote. Joto linampiga usoni. Kwenye skrini gari lake linaingia ukutani.

"Mama? Sauti gani hiyo? Upo?"

"Nipo! Napasua nguo!"

"Nguo gani?"

"Ya kompyuta. Niliishonea nguo, mwanangu. Kumbe nilikuwa naiziba pumzi."

Mama anatega sikio, mkasi mkononi, hajui kama mashine imezimika au mtoto ameondoka. Kisha spika inalipuka kwa kicheko.

"Umeivalisha kompyuta nguo?"

"Na bitana."

Binti anacheka mpaka anakohoa. Anapotulia, sauti yake imebadilika.

"Mama, niliona aibu bure. Lile gauni bado lipo?"

Mama Vipimo anatazama mlango.

"Lipo."

"Basi nitumie."

Feni zimetulia. Mama anajifuta machozi kwa kipande cha bitana, anafurahi waziwazi, kisha anachanganyikiwa upya. Kompyuta ataishonea nguo nyingine ya neti, hilo amekwishaamua. Lakini gauni ni la zamani, mabega ya mtu hubadilika, na macho yake hayawezi kumpima aliye mbali.

"Mwanangu," anauliza, akisogelea kipaza sauti, "una futi hapo karibu? Haya, simama wima. Tuanze na mabega."